Mgema na Maji

Chukua glasi yenye wiski kidogo, tia maji ya baridi kwa kijiko, polepole, kisha iinue usawa wa dirisha. Kwa nukta chache utaziona nyuzi. Si povu wala si uchafu wa glasi. Ni nyuzi nyembamba zisizo na rangi, zinazojiviringisha na kujinyonga ndani ya kimiminika hicho chekundu cha asali, kana kwamba maji na pombe vinaulizana ukoo kabla ya kukubali kukaa pamoja. Halafu hutoweka, glasi ikatulia, na asiyejua hawezi kusema wapi kimoja kimeishia na kingine kimeanzia. Jioni za Julai hapa Bariadi, jua likianza kuelemea upande wa ziwa, mwanga huingia jikoni kwa mshazari na jambo hilo huonekana vizuri kuliko mchana. Watoto wa ndugu zangu walilitazama, wakadai nirudie. Nilirudia kwa maji na sharubati nzito ya sukari, maana nayo hutoa nyuzi zilezile na wiski ya watu si ya kuchezea. Wao walikuwa wanatazama nyuzi. Mimi akili ilikuwa imeshakwenda kwa mgema.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nani hajaikamilisha methali hiyo katika mtihani wa darasa la saba? Imetoka pwani, kwenye minazi, ambako mgema hupanda na kibuyu chake alfajiri, akapanda tena jioni, na wateja humngoja chini wakihesabu hatua zake. Siku moja wakamsifu kupita kiasi, kichwa kikamvimba, tembo likawa jepesi. Sote tulifundishwa kwamba hapo dhambi ni maji. Nami nimeishi na fundisho hilo miaka mingi katika nchi isiyo na minazi, na kadiri ninavyolitafuna ndivyo ninavyoona kwamba mgema ameonewa kidogo. Maji hayana kosa. Kosa ni kwamba aliyatia peke yake, nyuma ya kibanda, wanywaji wakiwa upande wa pili wakipiga soga. Angeyatia mbele yao, akawauliza kila mmoja anataka kiasi gani, tusingekuwa na methali. Tungekuwa na mwenyeji.

Halafu, methali hiyo ingezaliwa hapa kwetu Simiyu isingeyachukulia maji kama kitu cha bure cha kujazia kibuyu. Huku mvua zikikatika mwezi wa tano, mito yetu mingi hubaki mchanga, na watu huuchimba mchanga huo kwa mikono ili kuyafikia maji yaliyojificha chini. Mjini madumu hupita juu ya baiskeli na mikokoteni, na kila nyumba inajua bei ya dumu kama inavyojua bei ya unga. Ziwa Victoria liko jirani, wilaya ya Busega inaligusa kabisa, na bado kwa miaka mingi mkulima wa Itilima au Meatu ameliona ziwa hilo kwenye ramani zaidi ya kwenye ndoo yake. Sasa upo mradi mkubwa wa kuyasafirisha maji ya ziwa hadi wilaya za mkoa huu, na mitaro ya mabomba imekuwa mazungumzo ya vijiweni. Kwa hiyo mtu wa hapa akikutilia maji kwenye kinywaji, usiharakishe kusema amekupunja. Huenda alichokuongezea ndicho kilicho ghali zaidi mezani.

Chupa yenyewe ilikuja kwenye sanduku, imeviringishwa ndani ya sweta, kutoka Houston. Kaka yetu (ni mtoto wa baba mkubwa, lakini kwetu huyo ni kaka na maelezo yanaishia hapo) aliibeba kwa ndege hadi Mwanza, kisha kwa barabara kupitia Magu na Lamadi, akakata kulia kuja Dutwa, akipishana na malori yaliyofungwa marobota ya pamba. Huu ni msimu wa pamba. Vipande vyeupe hukwama kwenye michongoma kando ya barabara, na fedha kidogo inazunguka mjini, ndiyo maana ndugu nao huzunguka. Baba mdogo alitoka Maswa. Shangazi alitoka Lagangabilili na kuku wawili na kiroba cha michembe ya viazi vitamu. Na kaka akaiweka ile chupa katikati ya meza, kati ya jagi la maji ya kunawa na sahani ya karanga, akasema neno moja tu: "Bourbon." Ikakaa pale imefungwa, kila mtu akiitazama kwa adabu, kama mgeni ambaye bado hajatambulishwa.

Nami ndipo nilipoona shida ya chupa. Chupa hufika imemaliza kila kitu. Imepikwa na wengine, imekomaa kwingine, imelipiwa tayari. Mwenyeji hana la kufanya ila kuifungua, na kufungua kifuniko si kazi. Sisi tumezaliwa katika nyumba ambamo kinywaji cha mgeni kilikuwa jasho la watu unaowajua. Mama alipopokea habari kwamba wakwe watakuja, pombe ilianza siku hiyohiyo, na mgeni akifika wiki iliyofuata alikunywa wiki nzima ya mama. Mtama mwekundu uliloweshwa, ukafunikwa kwa gunia bichi mpaka ukaota mikia midogo myeupe, ukaanikwa juani, ukasagwa. Huo ndio kimea. Uji ukapikwa kwenye sufuria kubwa, ukaachwa upoe hadi kidole kiweze kustahimili, kimea kikatiwa. Baada ya hapo kulikuwa na kungoja na kunusa. Mama alikuwa akiinama juu ya chungu na kusikiliza, kweli kusikiliza, kwa sikio, ule mchemko usio na moto. Sisi watoto tulikatazwa kukimbia karibu, ati pombe hushtuka. Sijui mpaka leo kama aliamini hivyo au alitaka tu tusimwangushie chungu.

Kinachonifurahisha ni kwamba ile chupa ya kaka, pamoja na nembo zake zote, nayo ilianza kama uji. Sheria ya Marekani inasema nafaka za bourbon lazima ziwe na mahindi angalau asilimia 51. Sehemu inayobaki huwa ngano au nafaka nyingine, na kidogo cha shayiri iliyooteshwa, yaani kimea. Kazi ya kimea kule ni ileile ya kwa mama: punje inapochipua hutengeneza vimeng'enya vinavyouvunja wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo chachu huila na kuigeuza pombe. Wapishi wa bourbon kule Kentucky hata huacha sehemu ya uji wa zamani na kuitia kwenye mpya ili uchachu ufanane. Mama naye alikuwa na chungu kimoja ambacho hakikuoshwa kwa sabuni kamwe, na ole wake mkamwana aliyejifanya msafi. Nilimweleza baba mdogo mambo haya. Akasema, "Kumbe ni pombe ya kawaida iliyosomeshwa."

Na safari za nafaka zenyewe zinachekesha ukizifuata. Mahindi ni mtoto wa Mexico, alilimwa huko maelfu ya miaka kabla hajaiona bahari. Wareno ndio waliomleta Afrika baada ya mwaka 1500. Mtama ni mtoto wa Afrika, naye alivuka kwenda Amerika katika meli za watumwa, ndani ya mashehena ya chakula cha watu waliokuwa wanauzwa. Karne kadhaa baadaye, katika miaka ya 1850, mtama mtamu, ule ambao mabua yake hukamuliwa, uliingia Marekani kutoka China na Natal, na leo Kentucky inasifika kwa sharubati yake: watu hukamua mabua hayo, huchemsha juisi mpaka iwe nzito na nyeusi, wakapaka kwenye mkate. Kwa hiyo kule wanakula asali ya nafaka yetu na kunywa nafaka iliyo kwenye sahani zetu kila siku kama ugali. Huku maofisa kilimo wanatubembeleza turudi kwenye mtama kwa sababu unastahimili ukame, na sisi tunasema ndiyo, ndiyo, kisha tunapanda mahindi. Mgeni amekaa hadi tumesahau kwamba alibisha hodi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huisema kwa utani, lakini imebeba sheria nzito ya nchi hii. Zamani pombe ya Wasukuma ilifungamana na jembe. Mwenye shamba kubwa aliwaita vijana, wakaja na ngoma, wakalima kwa mstari huku wakiimba, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Bugobogobo unayoiona leo kwenye sherehe za serikali imetoka hukohuko shambani. Jua likishuka, chungu kilitolewa. Aliyekunywa alikuwa ameshatoa jasho lake, na aliyempa alikuwa ameshatoa la kwake wiki nzima, hivyo hakuna aliyekuwa na deni la aibu. Pombe namna hiyo haikuwezekana kunywewa na mtu mmoja chumbani. Ilikuwa nyingi mno, haikai siku nyingi, na ina harufu inayofika kwa jirani kabla ya mwaliko. Ukipika, umeita.

Chupa ilivunja hilo, na chupa ilifika na historia yake. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliwakataza wafanyabiashara kuingiza pombe kali katika eneo kubwa la Afrika, na Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikabidhiwa pia sharti la kuidhibiti biashara hiyo. Maneno yalikuwa ya huruma: kumlinda Mwafrika. Matokeo yake yalikuwa kwamba mpishi wa Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya wa kikoloni, aliweza kuibeba wiski, kuimimina, kuosha glasi yake, ila kuinywa lilikuwa kosa. Fikiria mtu anayejua kupima wiski ya mwenzake kwa jicho, miaka ishirini, bila kuijua ladha yake ila kwa kuiba. Nadhani hapo ndipo pombe kali ilipojifunza kujificha kwetu. Gongo ilipikwa vichakani usiku na inaendelea kupikwa hivyo, haramu na ya hatari, ikipimwa kwa kikombe kimoja kinachozunguka haraka kabla mgambo hajatokea. Kisha zikaja zile pombe za pakiti za plastiki, viroba, zilizotosha mfuko wa shati. Mtu aliweza kung'ata kona, kunyonya na kuendelea na safari yake ya bodaboda bila mtu kumwambia karibu wala asante. Serikali ilizipiga marufuku Machi 2017. Kwa maoni yangu kiroba ndicho kilikuwa kinyume kamili cha chungu cha mama: hakina maji, hakina kungoja, hakina mwenzio.

Hata kule ilikotoka wiski ya Kimarekani kuna mkono uliofichwa. Kusini mwa Kentucky, jimbo jirani la Tennessee, Jack Daniel alifunzwa kutonesha wiski na mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, Nathan Green, aliyeitwa Nearest. Kwa zaidi ya karne moja jina lililouzwa duniani lilikuwa la mwanafunzi. Kampuni ilianza kumtaja mwalimu hadharani mwaka 2016. Nilipomsimulia kaka hayo alinyamaza kidogo, akaigeuza chupa yake na kusoma maandishi ya nyuma, akitafuta nadhani jina la mtu yeyote mwingine.

Turudi kwenye maji, maana bourbon yenyewe ni somo la maji. Mvuke ukitoneshwa hauruhusiwi kuzidi asilimia 80 ya kilevi. Ukiingizwa kwenye pipa usizidi asilimia 62.5. Ukitiwa kwenye chupa usipungue asilimia 40. Kati ya namba hizo mtu anatia maji, aghalabu mara mbili, na hakuna anayemwita mwizi kwa sababu kipimo kimeandikwa kwenye lebo kwa mtu yeyote kusoma. Watu wa Kentucky hujivunia maji yao kwa kirefu: yanapita kwenye mawe ya chokaa, yanachukua madini na kuacha chuma, na chuma ndicho huharibu rangi na ladha. Mgema wao anasifiwa kwa ajili ya maji. Na zamu ya tatu ya kuyatia ndiyo iliyoniangukia mimi, jikoni Bariadi, na hapo ndipo nilipopata kazi yangu iliyoibwa na kifuniko.

Gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, liliulizwa na msomaji mwaka 1806 kokteli ni kitu gani. Likajibu kwamba ni pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na kitu kichungu. Vitu vinne, na maji yamo, yametajwa kwa jina, hayajaingia kwa mlango wa uani. Sukari hainisumbui, maji nimeshayasema. Uchungu ndio ulioniweka. Wenzetu wana vichupa vyao vya matone machungu, ila duka la mtaani kwetu halina na sioni kwa nini liwe nayo. Niliwahi kusoma kwamba matone hayo si chochote ila maganda, mizizi na viungo vilivyoloweshwa kwenye pombe kali. Basi nikamenya maganda ya machungwa, ya juu tu bila ule weupe, nikayaanika dirishani, nikayatia kwenye kikopo cha jamu pamoja na karafuu na kibapa cha Konyagi, nikakaza kifuniko na kukiweka nyuma ya makopo ya chai. Kufikia siku ya wageni, kimiminika kilikuwa cheusi na kikali. Tone moja kwenye ulimi lilitosha kukunja uso. Konyagi yenyewe hutokana na molasi ya miwa, kwa hiyo kile kikopo kilikuwa na shamba la miwa, bustani ya michungwa na Unguja ndani yake. Na karafuu nayo si mwenyeji wa Unguja. Miche ililetwa mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, kimojawapo ni Réunion ya leo, ambacho kabla ya hapo kilikuwa kikiitwa Bourbon kwa heshima ya ukoo uleule wa kifalme uliolipa jina lake kaunti ya Bourbon huko Kentucky. Nilipogundua hilo nilicheka peke yangu mpaka msichana wa kazi akachungulia.

Barafu nilinunua kwa jirani mwenye friza, ile inayogandishwa kwenye mifuko ya plastiki, ngumu kama jiwe la kusagia. Inapondwa kwa mchi ikiwa imefunikwa kwa kitambaa, na vipande havilingani, vingine vikubwa vya kujaza glasi, vingine unga. Mabingwa wa kazi hii wangenicheka; wao huchonga barafu ya mche mraba isiyo na kiputo ili iyeyuke taratibu. Yangu iliyeyuka kwa fujo. Lakini nimekuja kuona kwamba kokteli ni kinywaji chenye saa ndani yake. Funda la kwanza ni kali, la katikati limelegea, la mwisho ni maji matamu yenye kumbukumbu ya mti. Mwenyeji huanza kutia maji, barafu humalizia zamu, na mgeni anayechelewa kwa mazungumzo hupata kinywaji laini kuliko mwenye pupa.

Kabla ya kuikabidhi kila glasi nilikata ganda bichi la chungwa, nikaliminya juu yake karibu na njiti ya kiberiti iliyowaka. Mafuta ya ganda hurukia moto na kutoa cheche ndogo za manjano, pa-pa-pa, kisha harufu ya chungwa lililoungua huenea hadi sebuleni. Ni mbwembwe, nakiri bila aibu. Ila watu wote walinyamaza wakatazama, na kwa mara ya kwanza ile chupa ilikuwa imefanyiwa kazi mbele ya macho yao. Nairobi wana kinywaji wanachokiita dawa, kilichopewa umaarufu na mgahawa wa Carnivore: vodka, ndimu, barafu, na asali nzito iliyoshikwa kwenye kijiti. Kijiti hicho hupewa mnywaji. Akitaka utamu atakoroga, akitaka ukali atakiacha kitulie. Naona aliyebuni kijiti kile aliwaelewa watu wa huku kuliko waandishi wa vitabu vya kokteli.

Kaka hakuridhika na maji yangu. Alisema wiski hii imekaa miaka kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani mpaka likawa mkaa, kwamba joto la kiangazi huisukuma ndani ya mbao na baridi huivuta nje, na kila mwaka sehemu yake hupotea hewani, fungu ambalo watengenezaji husema ni la malaika. Mtu unaichukuaje kazi ya miaka ukaimwagia maji ya dumu? Hoja yake ina uzito. Nilimjibu kwa ngitili. Baba yetu alikuwa na ngitili, kipande cha malisho kinachofungwa mvua zikianza, ng'ombe hawaingii hata kama nyasi zinapepea kwa kuwaita, mpaka kiangazi kikali kifike na ndama na ng'ombe wazee waanze kudhoofika. Ndipo hufunguliwa. Kuifunga ngitili ni subira, lakini hakuna anayeifunga ili aitazame. Siku ya kuifungua inakuja, na siku hiyo unafungua kwa ajili ya wanyonge kwanza, si fahali. Na kuhusu lile fungu la malaika, nikamwambia, kwetu masamva, mizimu ya wahenga wetu, hawavizii kwenye nyufa za pipa. Babu alimwaga chini kwa mkono wake, akiwataja kwa majina, na walio hai wakajua kiasi gani kimepungua na kimekwenda kwa nani.

Kwa hiyo kila glasi ilipimwa kivyake, mbele ya mwenyewe. Toti moja kwa kaka, maji kijiko, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Kwa mke wake nusu, na maji mengi na asali. Baba mdogo, ambaye daktari wake amemwambia mambo fulani anayoyajua yeye na sisi tunayajua kwa kunong'onezwa, aliletewa glasi nami nikasimama pembeni na jagi. "Nikuongezee, baba?" "Ongeza." Nikaongeza. "Bado?" "Ongeza tu mwanangu, nimekuja kuongea." Rangi ilififia hadi ikafanana na chai ya rangi iliyokosa majani, na hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipomwelewa kabisa mgema na kisa chake. Maji yaleyale, kipimo kilekile, na hakuna aliyepunjwa. Nilionja kwanza mimi, kama desturi ilivyo katika nyumba nyingi za huku, ili mgeni ajue kwamba kilicho mkononi mwake kimeshapita kinywani mwa aliyekitoa. Chupa ina kizibo na lakiri kufanya kazi hiyo, lakini kizibo hakiwezi kukutazama machoni.

Lakini glasi ngumu kuliko zote ilikuwa ya shangazi. Yeye ni Msabato tangu ujana wake, hanywi pombe wala chai ya majani, na nimeona maisha yangu yote jinsi watu wa namna yake wanavyohudumiwa: soda moja, mrija, kwenye kiti cha pembeni, na sherehe inaendelea bila wao. Hilo kwangu ni ukosefu wa adabu uliovaa nguo za heshima. Mtu anayejua kuchanganya kwa pombe tu hajajua bado, maana pombe humfichia makosa. Niliroweka ukwaju tangu asubuhi, nikauchuja, nikauchemsha na tangawizi na karafuu na maganda ya machungwa, nikaupoza, nikatia asali. Kile kikopo cha nyuma ya makopo ya chai sikukigusa. Shangazi hakungoja sebuleni; alikuja akasimama mlangoni mwa jikoni, mikono kiunoni, akahakikisha chupa ya kaka iko mbali, akanusa sufuria, akaniuliza kila kilichomo, nikamjibu kimoja kimoja. Niliutia kwenye glasi ileile nzito kama za wengine. Nikamchomea ganda lake la chungwa. Cheche zikaruka.

Akaonja. Akasema barafu imezidi, kwamba nadhani meno yake ni kama yangu. Nikaitoa kwa kijiko. Akaonja tena, akarudi sebuleni na glasi yake, akakaa katikati. Baba mdogo akataka kujua anakunywa nini. Akapewa aonje, akalamba midomo, akanyoosha glasi yake iliyopauka na kusema nimtilie ukwaju huo humohumo. Kaka akapinga kwa sauti: hiyo haitakuwa bourbon tena. Baba mdogo akamuuliza basi itakuwa nini, na kaka akaanza kueleza sheria za Marekani za mahindi na mapipa, shangazi akamkatiza kwamba sato wanapoa, na mabishano yote tukayahamishia kwenye ugali.